Niegemee Nini?



*Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Tanga. Nilisomea lugha chuoni, na sasa najitolea katika shirika dogo linalotafsiri vijitabu vya afya na huduma ya kwanza kwa ajili ya zahanati na shule. Maandishi yote tunayopokea ni ya Kiingereza.*

*Kuna neno moja linanisumbua sana: "lean". Nalikuta kwenye maelezo ya mtu anayetokwa na damu puani, kwenye ukurasa wa mtu aliyepaliwa, kwenye orodha ya vyakula vya mwenye kisukari, kwenye ushauri kwa familia yenye mgonjwa wa muda mrefu, hata chini ya picha ya ukuta wa choo cha shimo ulioanza kwenda upande. Sasa tumeletewa na kitabu cha jiografia, nako limo. Kamusi ya kwenye simu inanipa "egemea", basi nikaandika "egemea" kila mahali ili msamiati wetu uwe mmoja.*

*Wiki iliyopita muuguzi mmoja mtu mzima alichukua rasimu yangu akamsomea mgonjwa: "Keti, kisha egemea mbele." Mgonjwa akatazama mbele yake, akauliza, "Niegemee nini?" Watu wakacheka, nami nikaona aibu. Mwenzangu ofisini anasema Kiswahili hakina neno lake, tuandike tu "kulini" tumalize kazi. Mhariri naye anataka nimpe orodha ya visawe ili achague kimoja kitakachotumika kijitabu kizima.*

*Naomba unisaidie, Mwalimu. Neno sahihi ni lipi?*

*Mfasiri Mchanga, Tanga*

Binti yangu, pole kwa aibu hiyo, na umshukuru sana huyo mgonjwa. Kwa maneno mawili amekupa uhakiki ambao wahariri wengi wasingeweza kuutoa: amekuonyesha kwamba kitenzi ulichomwekea kinadai kitu ambacho sentensi yako haikumpa.

Jibu langu kwa kifupi ni kwamba hakuna neno moja la Kiswahili linalolingana na "lean", na huna haja ya kulitafuta. Mhariri wako anaomba kisawe kimoja, lakini maneno atakayoyaona kwenye orodha hiyo si visawe. Kila moja lina kazi yake, na likipelekwa kwenye kazi ya jirani yake msomaji anapotea. Katika kijitabu cha huduma ya kwanza, kupotea huko kunaweza kumdhuru mtu. Kwa hiyo nitakueleza maneno hayo moja moja, pale yanapofanya kazi.

Kuegemea ni kazi ya wawili

Kitenzi "egemea" hakikai peke yake. Kinahitaji anayeegemea na kinachoegemewa, na kati yao uzito unahama: wa kwanza anautua, wa pili anaupokea. Ngazi inaegemea ukuta. Baiskeli isiyo na stendi inaegemezwa kwenye mti. Bibi anaegemea mkongojo wake, na mwendo huo umepewa kitenzi chake mahususi: anajikongoja. Ukiondoa kinachoegemewa, anayeegemea anaanguka. Ndiyo maana mgonjwa aliposikia "egemea mbele" alitafuta meza, kiti au bega la mtu.

"Inama" ni kazi ya mmoja. Anayeinama anapeleka kichwa na kifua mbele na chini, na uzito wake anaendelea kuubeba mwenyewe. Mkulima anainama shambani, anayeswali anainama katika rukuu, mpapai uliozidiwa na matunda unainama. Hakuna anayeuliza "niiname nini".

Kiingereza hakikutenganisha hali hizi mbili kwa kitenzi. Kimeziacha zionekane kwa vijineno vinavyofuata, vya maana ya mbele, nyuma, juu ya, kuelekea. Kiswahili kinaziweka ndani ya kitenzi chenyewe na minyambuliko yake. Mtu anainama, mama anamwinamia mtoto kitandani, mchumaji analiinamisha tawi ili afikie embe. Mzee anaegemea nguzo. Fundi anaegemeza ngazi. Miti miwili iliyosukumwa na upepo inaegemeana. Hii ndiyo sababu mfasiri anayefuata Kiingereza hatua kwa hatua huandika "egemea juu ya ukuta" au "egemea dhidi ya ukuta". Mswahili husema "egemea ukuta" au "egemea ukutani", na sentensi imekamilika. Hilo "juu ya" linampandisha msomaji juu ya ukuta bure.

Kati ya wawili hawa yupo wa tatu, anayesahauliwa sana na wafasiri: "egama". Anayeegama hakuketi wima wala hakulala. Amejiachia nyuma, mgongo na kichwa vikipumzika kwenye mito au kwenye kiti cha kulalia. Ukikuta maelezo ya mama anayenyonyesha akiwa amejiachia nyuma kitandani, au mgonjwa anayepumua kwa shida anayetakiwa kuinuliwa kwa mito, "egama" ndilo neno lako. Lisipotumiwa litabaki kwenye kamusi tu, na vijana wataamini halikuwahi kuwapo.

Mwili unapofuata maelezo

Sasa turudi kwenye kijitabu chako, maana hapa ndipo neno linapogusa damu na pumzi.

Anayetokwa na damu puani aambiwe: "Keti. Inama kidogo mbele. Bana sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, pumua kwa mdomo, usiachie kwa dakika 10 hadi 15." Akiinama mbele, damu inatoka nje kupitia puani. Akipeleka kichwa nyuma, kama wengi wetu tulivyozoeshwa tangu utotoni, damu inashuka kooni, inamezwa, inaweza kumtapisha, na anayemhudumia hawezi kujua ni kiasi gani kimetoka. Kwa hiyo neno "mbele" lisikosekane, na kitenzi kisimpe nafasi ya kutafuta pa kujilaza. Isipokoma baada ya hapo, apelekwe kituo cha afya.

Aliyepoteza fahamu huhudumiwa kinyume chake. Ulimi wa mtu asiye na fahamu unaweza kurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Mhudumu huweka kiganja kwenye paji la uso wa mgonjwa, na kwa vidole vya mkono wa pili huinua kidevu. Kiingereza hutumia hapa neno lingine la jamii hiyohiyo, nami nimeona likitafsiriwa "inamisha kichwa nyuma". Sentensi hiyo ni ya hatari. Kwa Mswahili, kuinamisha kichwa ni kukileta mbele na chini: mwenye haya anainamisha kichwa, mwenye huzuni anainamisha kichwa, waombolezaji wanainamisha vichwa. Msaidizi mwenye hofu atalisikia "inamisha" kabla ya kulifikia "nyuma", na mkono wake utakwenda upande unaoziba hewa badala ya kuifungua. Andika: "Rudisha kichwa chake nyuma taratibu huku ukiinua kidevu." Vitenzi hivyo viwili, rudisha na inua, vyote vinakwenda upande mmoja, na havibishani na mkono.

Kwa aliyepaliwa na chakula hadi hawezi kupumua wala kukohoa, utahitaji maneno yote mawili katika sentensi moja, na hapo ndipo utakapouona uzuri wa tofauti yake. Msaidizi husimama pembeni na nyuma kidogo ya aliyepaliwa, humwinamisha mbele, na kukiegemeza kifua chake kwenye mkono mmoja. Kwa mkono wa pili humpiga mgongoni, kati ya mabega, hadi mara 5. Mwili unainama, kifua kinaegemea mkono. Ukiandika "egemea" mara mbili, au "inama" mara mbili, msomaji hatajua mkono wa kwanza una kazi gani. Ukiyaandika yote mawili, hata asiyewahi kuona mafunzo hayo anaweza kuyafanya.

Na kuna kifaa kimoja ambacho bila shaka kimo kwenye vijitabu vyako: kile cha kunawia mikono kinachotengenezwa kwa dumu, kamba na kijiti. Kiingereza kilikipa jina kwa tendo la dumu kulala upande. Watu wetu wakakiita kibuyu chirizi, kwa tendo la maji kuchirizika. Ukikanyaga kijiti, kamba inavuta, dumu linainama, maji yanachirizika mikononi. Waliolitunga jina hilo hawakuuliza kamusi. Walitazama kitu kikifanya kazi, wakachagua tendo lililokuwa na maana zaidi kwa mnawaji. Wewe nawe una ruhusa hiyo. Pale kuinama kwa chombo si jambo la msingi, taja matokeo yake na uendelee. Na pale unapotaka kumwelekeza mtu alaze chombo ili kilichomo kitoke, unalo neno "inika": inika mtungi, inika chupa ya dawa juu ya kijiko. Ni neno fupi, la nyumbani, na linatosha.

Ukuta, mnara na timazi

Mafundi wetu wa ujenzi wana msamiati safi wa jambo hili, na ningekushauri ukae nao alasiri moja. Kitu kilichosimama sawasawa kiko wima. Kinachothibitisha wima ni timazi, ile kamba yenye kipande kizito kinachoning'inia; kinachothibitisha ulalo ni pimamaji. Ukuta uliotoka kwenye timazi umeinama, au umelalia upande fulani. Haujaegemea kitu, ila kama jirani ameuwekea gogo la kuuzuia, na hapo gogo ndilo lililoegemezwa ukutani.

Usichanganye pia "inama" na "pinda". Kilichoinama kinaweza kuwa kimenyooka kabisa. Mlingoti ulioinama ni mlingoti ulionyooka uliosimama vibaya. Kilichopinda kimeharibika umbo: msumari umepinda, ubao umepinda kwa jua. Neno la kwanza ni la mkao, la pili ni la umbo.

Mfano bora ninaoujua wa tofauti hiyo uko Italia, katika mji wa Pisa. Ujenzi wa mnara wa kengele wa kanisa kuu la mji huo ulianza mwaka 1173, juu ya udongo laini wa mfinyanzi na mchanga, kwa msingi wa kina cha mita 3 hivi. Ghorofa ya tatu ilipofikiwa, mnara ulikuwa umeshaanza kuzama upande mmoja. Kazi ikasimama kwa takriban karne nzima, ikaendelea, ikasimama tena, ikamalizika katika karne ya 14. Waliorithi kazi walijaribu kuurekebisha wakiwa wanajenga: ghorofa mpya waliziinua zaidi upande uliokuwa ukizama ili sehemu ya juu irudi kwenye timazi. Matokeo yake ni kwamba mnara ule umeinama na pia umepinda. Mfasiri mwenye neno moja tu hawezi kuisimulia habari hiyo.

Wapo wanaouita kwa Kiswahili "mnara unaoegemea". Unaegemea nini? Pale nje hakuna ukuta wala nguzo inayoupokea. Ni mnara ulioinama. Mwaka 1990 ulifungwa kwa wageni kwa sababu mwinamo wake ulikuwa umefikia nyuzi 5.5 hivi kuelekea kusini na wahandisi waliogopa utaanguka. Mwaka 1993 wakaanza kuuelemeza upande wa kaskazini kwa vipande vikubwa vya madini ya risasi. Baadaye wakachimba udongo kidogo kidogo chini ya upande huohuo wa kaskazini, mnara ukajirudi taratibu kwa takriban sentimita 45, na mwishoni mwa mwaka 2001 watu wakaruhusiwa kupanda tena. Mwinamo sasa ni nyuzi 4 hivi. Katika maelezo hayo mafupi nimetumia inama, pinda, elemeza na jirudi, na hakuna moja ambalo lingeweza kubadilishana nafasi na jingine.

Kwa picha yako ya choo, basi, andika: "Ukuta wa choo umeanza kuinama." Kisha ongeza kile ambacho msomaji anahitaji zaidi ya maelezo ya picha: "Msikitumie. Mwiteni fundi aupime kwa timazi na aangalie kama udongo wa shimo umemomonyoka." Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mizigo, vyombo na dunia yenyewe

Nimelitumia neno "elemeza", na "elemea" linakotoka lina siri yake. "Egemea" humtazama anayetua uzito; "elemea" humtazama anayelaliwa na uzito huo. Lori lililopakiwa vibaya limeelemea kushoto: mzigo wote umekwenda upande mmoja na springi za upande huo zinalia. Mtu mwenye madeni ameelemewa. Mzigo ukimkaa mchukuzi vibaya kichwani, tunasema umekwenda pogo, yaani upande mmoja umezidi mwingine.

Watu wa bahari nao wana utaratibu wao. Chombo kilicholala upande mmoja na kukaa hivyo, kwa mzigo uliohama au kwa upepo ulioshika tanga, kimelalia upande. Chombo kinachoyumba kulia na kushoto kwa mawimbi kinakwenda mrama. Kulalia ni hali, mrama ni mwendo. Ukikutana na "mrama", "kombo" na "tenge", kumbuka pia kwamba siku hizi maneno hayo hutumika zaidi kwa mambo yaliyoharibika: mipango imekwenda mrama, biashara imekwenda kombo. Ukiandika kwamba meza ya zahanati imekwenda mrama, msomaji atajiuliza nani ameihujumu.

Kwa kitabu chako cha jiografia, mhimili wa dunia umeinama, na kipimo chake ni mwinamo wa nyuzi 23.4. Mwezi wa Juni ncha ya kaskazini imeelekea jua; mwezi wa Desemba ni zamu ya ncha ya kusini. Hapo usiandike "imeegemea jua", maana jua halibebi kitu. Mwambie mwanafunzi wa Tanga jambo linalomhusu: mwinamo huo ndio chanzo cha kupokezana kwa misimu, na katika bahari yetu ndio chanzo cha kupokezana kwa kusi na kaskazi. Jua linapoliwakia zaidi bara la Asia katikati ya mwaka, nchi kavu ya huko inapata joto, hewa yake inapanda, na upepo unavutwa kutoka kusini; ndiyo kusi inayotujia hapa. Bara hilo linapopoa, upepo unageuka, nasi tunapata kaskazi. Mionzi inayoifika ardhi bila kusimama wima juu yake inapiga mshazari, na ndiyo sababu joto lake hutawanyika na kupungua. "Mshazari" ni neno la mistari na mikato: mstari wa mshazari, kata kijiti cha kupandikiza kwa mshazari. Maseremala wana "hanamu" kwa kazi hiyohiyo. Haya mawili hayafai kwa mwili wa mtu.

Moyo na nyama

Umesema unalo somo la familia yenye mgonjwa wa muda mrefu. Hapo Kiingereza kinamwambia mgonjwa asione haya ku-"lean" kwa ndugu zake, na kitenzi cha Kiswahili ni "tegemea". Egemea ni kwa bega, tegemea ni kwa maisha. Lakini angalia: "tegemea" kwetu lina uzito wa maadili. Kila mmoja amekua akisikia kwamba mtegemea cha ndugu hufa maskini. Mgonjwa aliyefanya kazi miaka yote, akisoma "wategemee ndugu zako", anaweza kuona anaambiwa awe mzigo. Ningeandika: "Waombe ndugu zako wakusaidie, ugonjwa huu haubebwi na mtu mmoja." Na upande wa pili wa ukurasa, kwa wanaomuuguza, lile neno "elemewa" litakusaidia sana: "Ukiona umeelemewa, mwambie mhudumu wa afya." Anayeuguza mtu miezi na miaka analijua neno hilo kabla hujamfafanulia.

Neno "lean" likija kwa maana ya maoni, unalo "elekea" (naelekea kukubaliana nawe), unalo "pendelea", na kwa anayejivutia upande wake unayo methali nzima: kila mwamba ngoma huvutia kwake. Hata "egemea" linarudi hapa kwa haki, kwa kuwa upande katika ugomvi ni kitu cha kujishikiza. Mwandishi wa habari haegemei upande wowote. Mwamuzi akiegemea timu moja, uwanja unajua.

Limebaki la nyama. Katika orodha ya vyakula vya mwenye kisukari, "lean" ni neno lingine kabisa lenye sura ileile. Katika Kiingereza cha kale yalikuwa maneno mawili tofauti, moja la kuinama na jingine la kukonda, na matamshi yakakutana baadaye. Usiandike "nyama iliyokonda", maana msomaji ataona ng'ombe wa ukame. Usiandike "mnofu" peke yake, kwani mnofu ni nyama isiyo na mfupa na unaweza kuwa na mafuta tele. Andika wazi: "nyama isiyo na mafuta, mafuta yanayoonekana yakatwe kabla ya kupika." Vivyo hivyo ukikutana nalo katika vitabu vya uongozi wa viwanda, lililoenea baada ya mtafiti John Krafcik kulitumia mwaka 1988 kuelezea mfumo wa Toyota: linatokana na huko kukonda, na maana yake ni uzalishaji usio na upotevu.

Namna ya kufanya kazi

Mwenzako anayesema Kiswahili hakina neno, mweleze kwa upole kwamba Kiswahili kina maneno mengi kuliko aliyoyatafuta. Mkopo si dhambi. Lori linalomwaga mchanga tunaliita tipa, na neno hilo limetua vizuri kwa sababu kitu chenyewe kilikuja nalo. Lakini kuinama hakukuja na meli. Kuliandikia tendo la kila siku neno geni ni kumnyima mgonjwa maelezo katika lugha ambayo mwili wake unaijua.

Kamusi ya lugha mbili huyapanga maneno kwa mkato: egemea, inama, elekea, tegemea. Mkato huo unaficha tofauti zote nilizokueleza. Ukishapata orodha hiyo, fungua kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, kama *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981 au *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA, usome fasili na mifano ya kila neno. Kisha jiulize maswali matatu. Je, kuna kitu kinachopokea uzito? Kikiwapo, uko kwenye egemea na elemea. Kisipokuwapo, uko kwenye inama na lalia. Je, ninaeleza mkao au umbo? Mkao ni inama, umbo ni pinda. Je, kitu kimejifanyia au kuna mkono unaokifanyia? Kikijifanyia ni inama, ukiwapo mkono ni inamisha, egemeza au inika. Usimpe mhariri wako orodha ya visawe. Mpe jedwali la hali: hali upande mmoja, kitenzi chake upande wa pili, na sentensi ya mfano kutoka kijitabu chenyewe. Msamiati wenu utakuwa thabiti kwa sababu kila hali itapata kitenzi kilekile kila inapotokea, na hicho ndicho alichokuwa akikihitaji.

Mwisho, kabla ya kuchapa, msomee mtu kila agizo kwa sauti, asiyeona picha, umwombe alifanye pale pale. Tazama mikono, shingo na mgongo wake. Akisita, sentensi bado haijakamilika. Irekebishe, umsomee mwingine. Kazi hii inachosha, lakini kijitabu cha huduma ya kwanza hufunguliwa na mtu mwenye mgonjwa miguuni pake na mikono inayotetemeka. Hana muda wa kukisia ulichokusudia. Mpe kitenzi ambacho mwili wake unaweza kukitii mara moja.